Matope Yaliyolala

Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi, tangi la pili la kusafisha majitaka, nje kidogo ya mji wa Kakamega, lilikutwa limekufa. Maji yamegeuka kijivu, povu limetanda, na harufu ya klorini inachoma macho. Pipa la dawa hiyo lilikuwa tupu, kifuniko chake kimetupwa majanini.

Inspekta Navalayo alipofika, meneja Phineas, mgeni wa mwezi mmoja kutoka Nairobi, alikuwa ameshahukumu.

"Mtie pingu muuaji huyu," alisema, akimnyooshea kidole Zeituni, mama kutoka Mumias aliyechunga tangi hilo. "Na kazi hana tena."

"Mimi sijaua kitu!"

"Kwani kimekufa nini?" Navalayo aliuliza.

"Vijidudu, afande. Hawaonekani, lakini wanaitananga kwa harufu. Wakisikizana wanashikana, wanakuwa punje kama za wimbi. Punje hizo zinakula uchafu bila kupuliziwa hewa nyingi. Mashine mbili za hewa kati ya tatu tumezima, na moshi wa jenereta umepungua."

"Hadithi tupu," alidakia Weldon, fundi wa mashine hizo. "Kitabu si kiko? Kisomwe."

Phineas alikifungua kitabu cha zamu. "Saa mbili kasoro dakika tano: matope yamelala. Mwandiko wake mwenyewe! Yalishakufa, na alikuwa peke yake. Weldon aliingia saa mbili."

"Baada ya kuandika alikwenda wapi?"

"Nilimfuata mimi hapo tangini, bado ameshika kalamu. Nikampeleka ofisini, nikamfokea kwa ripoti zilizochelewa mpaka tulipoitwa."

"Ulipomfuata, ulisikia harufu ya dawa?"

Phineas alitikisa kichwa. "Hapana."

Navalayo akamgeukia fundi. "Matope kulala ni nini?"

"Ni kufa. Hata mtoto anajua."

"Mwongo!" Zeituni alifoka. "Matope ndiyo hizo punje; tunayaweka kwa gilasi nusu saa. Yakitulia chini, maji yakabaki meupe juu, tunasemanga yamelala. Ndiyo uzima huo! Mabaya ni yale yanaelea."

"Maneno ya mshtakiwa hayo," Weldon alicheka.

Navalayo aliomba vitabu vya zamani. Akafunua polepole, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasoma kwa sauti: "'Matope yamelala vizuri, maji safi.' Saini, Weldon. Na kesho yake. Na wiki iliyofuata."

Navalayo akamwonyesha Weldon saini hizo.

"Meneja ni mgeni, hakulijua neno. Wewe umeliandika miaka tisa. Saa mbili tangi lilikuwa hai, na kuanzia hapo uliyebaki nalo ni wewe. Ulimwona akikosea ukamwacha, maana kosa lake lilikufaa."

"Ndiyo, nilimwaga!" Weldon alipiga kelele. "Mwezi ujao wangezima na ile mashine ya tatu. Nifukuzwe na wadudu wasioonekana?"

"Ukaona nifukuzwe mimi," Zeituni alisema. "Na jela juu."

Pingu zikaingia mikononi mwa fundi. Phineas alikohoa.

"Basi, mama, rudi kazini."

Zeituni hakusogea. "Umeniita muuaji mbele ya watu. Niombe radhi mbele ya hao hao. Hapo ndipo nitashika ndoo nikachote punje tangi la kwanza, nifufue hili."

Wafanyakazi kumi na wawili walikuwa kando ya uzio. Hakuna aliyeondoka.

Phineas akavua kofia.