Nyumba Zilizotiwa Nyekundu

Marikiti ilifurika watu. Chirau, macho yote kwenye simu, akakanyaga buibui la binti wa watu, upindo ukapasuka.

"Alaa! Huna macho wewe?"

"Niwie radhi, dada. Nilikuwa nahesabu watu."

"Wawahesabu kwa miguu?"

Chirau akacheka, na binti naye, Nabiha jina lake, kwa ukali wake wote na udi wake uliowashinda wauza bizari, akacheka. Namba ikatolewa. Basi tena! Ikawa habibi asubuhi, habibi jioni.

Chirau alichora ramani katika ofisi ya kampeni huko Kizingo. Alichanganya takwimu za sensa na majibu ya mahojiano ya mlango kwa mlango, kisha akaipaka rangi kila nyumba: kijani wetu, nyekundu wapinzani. Huko Mji wa Kale aliyetumwa kuhoji ni Fahmi, kijana mtaka kibarua ambaye mjombake ndiye mgombea mpinzani. Kila alipoketi aliambiwa, "Tuko pamoja na mjombako." Chirau, mjinga wa Mungu, akapaka nyekundu.

Jumamosi alasiri wahuni wa kampeni wakaingia mitaani na mapanga, ramani simuni. Milango ikavunjwa. Zaki, kakake Nabiha, alisimama mlangoni, panga likamshukia begani. Nabiha akanyanyua karai la mafuta aliyokuwa akikaangia bajia, akammwagia mkataji usoni. Jamaa akapiga ukelele, akatupa simu, akakimbia na ngozi ikimvuka.

Nabiha akaiokota, akatazama, akampigia mpenzi wake.

"Chirau, ramani hii ni yako?"

"Ipi, habibti?"

"Usiniite habibti! Zaki amekatwa, ukumbi wote damu! Nyumba yetu nyekundu, na jina lako chini!"

"Lakini mulimwambia Fahmi..."

"Fahmi alikuwa mgeni! Ameketi barazani, anywa kahawa yetu, babangu amwambie hatumtaki mjombako? Yeyote angejibiwa hivyo!"

Simu ikakatwa. Chirau akamkimbilia Bramwel, mkuu wa kampeni.

"Waambie waache! Ramani ina makosa!"

Bramwel akamtwanga ngumi, jino likaruka. "Wewe chora tu. Kesho ni mtaa wa Tudor."

Chirau alifika hospitali alikolazwa Zaki, akitema damu. Nabiha akamzaba kofi mdomo uo huo.

"Nakupenda, Nabiha. Niambie nifanye nini."

"Nenda polisi. Sema ramani ulimpa nani."

"Wataniua."

"Na Zaki je? Walimbembeleza?"

Chirau alilia, alilia kweli, kwa kuwa aliogopa kufa. Kisha akasimama. Nabiha akamshika mkono mbele ya mamake na majirani waliojaa ukumbini hapo hospitali.

"Nabiha! Watu wakutazama!" mamake alimaka.

"Nawatazame, mama."

Kituoni askari alimtazama Chirau na fulana yake iliyolowa damu. "Nani kakupiga?"

"Hilo baadaye. Nimekuja kujishtaki mimi kwanza."

Askari akamgeukia Nabiha. "Na wewe ni nani wake?"

Chirau hakuwahi kuposa. Hata kwa kina Nabiha hakuwahi kukanyaga.

"Mchumba wake," Nabiha akajibu. "Andika."