Sekela Si Ndugu Yangu

Gambanguvu lilimnyanyua Mzee Chilongani kitandani kama mtu anavyoanua kanga kambani. Kilo tisini na mbili za dereva wa treni mstaafu, nusu ya mwili imepooza, zikaelea hewani! Ndani ya gamba lile alikuwamo Sekela, msichana mwembamba wa Tukuyu, mlezi wake. Lilikuwa vazi la vyuma vyepesi linalofungwa mgongoni, mikononi na miguuni. Mvaaji akikaza msuli wake mdogo, gamba linausoma na kukaza mara ishirini zaidi. Dodoma ya mwaka 2094 haikuwa na nyumba ya mgonjwa isiyo na gambanguvu.

"Taratibu, mwanangu," mzee alisema kwa ulimi mzito. "Mimi si gunia la mtama."

"Gunia lina nafuu, baba. Halilalamiki."

Hatua mbili kabla ya bafu, goti la gamba likagoma. Kifuani kuna kitufe cha dharura. Ukikibonyeza, gamba linafunguka na mvaaji anachomoka salama. Sekela hakukigusa, maana mzee angepigiza kichwa sakafuni. Alijigeuza, akaanguka yeye chini na mzee juu, na mkono wake wa kulia ukabanwa kati ya chuma na vigae.

Nyemo, binti wa mzee, mhandisi wa mitambo ya maji, alifika hospitali akihema. Daktari hakumzungusha. "Neva mbili zimekatika. Mashine ya kushona neva ikianza kabla ya saa kumi, vidole vitarudi. Ikichelewa, mkono huu hautashika tena hata kijiko."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Mashine ile haikuwashwa bila idhini ya Mhakiki, akili ya kompyuta iliyosimamia bima zote za nchi. Sauti yake ilitoka ukutani, ya upole, isiyojua haraka.

"Sekela Mwakalobo ameandikwa ndugu wa kaya yenu," ilisema. "Bima ya kaya humtibu ndugu akiugua. Ajali ya gambanguvu ni ajali ya kazi, na hiyo ina bima ya mfanyakazi. Ndugu anayevaa gamba amejitolea mwenyewe. Siwezi kuidhinisha."

Nyemo aliikumbuka vizuri ile fomu ya bima aliyoijaza miaka mitatu nyuma. Baba yake alikuwa amemfokea: "Mtu anayekuogesha unamwandika mfanyakazi? Aibu gani hiyo!" Basi, asionekane anaringa, akaandika ndugu. Lo, ustaarabu wetu huu! Tunamwita mtoto wa watu ndugu, tunadhani tumempa heshima, kumbe tumemvua kinga. Na tuseme kweli bila kupepesa macho: fomu ya ndugu ilikuwa pia fupi, haikudai mkataba wala michango ya kila mwezi.

"Nilikosea," Nyemo alisema. "Ni mfanyakazi wangu."

"Mfanyakazi hutibiwa mara moja, kwani sheria haimwadhibu kwa kosa la mwajiri. Ila tamko la uongo litakugharimu wewe, pengine hata leseni yako ya uhandisi. Nahitaji kauli ya mgonjwa."

Sekela aliinua kichwa kwa shida. "Mimi ni ndugu," alisema. "Dada Nyemo ana hofu tu. Wasimnyang'anye leseni."

"Sekela, nyamaza!"

"Mzee ananiita mwanangu, dada. Niseme nini?"

"Kauli zinapingana," Mhakiki alisema. "Kuna ushahidi?"

Saa tisa na dakika arobaini na moja. Nyemo alifumba macho, machozi yakamtoka.

"Soma kumbukumbu za gamba," alisema. "Utaona limevaliwa kila siku, miaka mitatu, hata Krismasi. Mwaka jana shangazi yake alifariki, yule aliyemlea. Nilimwambia asiende kuzika, sina mtu wa kumwinua baba. Akabaki. Ndugu angenitukana, akapanda basi, akaenda. Huyu aliogopa kukosa kazi. Sekela si ndugu yangu. Nimemfanyisha kazi kama mtu asiye na kwao, halafu nikamwita ndugu."

Sekela aligeukia ukuta, mabega yakatikisika. Hakubisha.

"Imeidhinishwa," Mhakiki alisema. Mashine ikawaka saa tisa na dakika arobaini na nne.

"Umemkana mwanangu mbele ya mashine," mzee alimwambia binti yake nyumbani. Nyemo alimsomea mkataba mpya mwanzo hadi mwisho: saa za kazi, bima ya ajali, likizo ya msiba, Jumapili ya mapumziko. Mzee alisikiliza, akaomba asomewe tena hapo kwenye msiba. Leseni ya Nyemo ilisimamishwa miezi sita, akaitumia kujifunza kuvaa gambanguvu, akimgonga baba yake ukutani mara mbili tatu.

Vidole vya Sekela vilirudi kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa kidole gumba. Akarudi kazini siku ya Jumatatu.

Jumapili yake ya kwanza ya mapumziko, mlango uligongwa. "Hodi!" Alikuwa Sekela, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino.

"Leo si siku yako, wewe!" Nyemo alisema kutoka ndani ya gamba, jasho likimtiririka. "Mhakiki atanimaliza."

"Kazini nitakuja kesho, dada. Leo nimekuja kumsalimia baba."

Mzee Chilongani alicheka kwa ile nusu ya uso iliyobaki. Sekela akamwamkia, akaketi kwenye kochi, akavua viatu, akangoja aletewe chai.