Kopo la Mwisho la Mtama

Kitendawili, mjukuu wangu! Usikimbilie kusema tega, kaa vizuri kwanza. Nimemzika mzima, akinywa akashiba, anatoka mwenyewe kaburini. Nani huyo? Umeshindwa? Mji sitaki, nipe masikio tu. Ni mbegu. Na mbegu ndizo zilizomtoa jasho Mama Pacha.

Msimu ule alipanda mtama mara mbili. Mara mbili mvua ilinyesha kidogo, ikakata. Shamba likaota mche hapa, mche kule, kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Nyumbani yakabaki makopo mawili ya mbegu. Hayo yakipotea, hakuna mavuno mwaka huo.

Bwana shamba alikuja, akafukua udongo kwa kidole.

"Mbegu zako zina kiu," alisema. "Ukizipanda kavu, siku za kwanza zinakunywa tu. Kabla hazijashiba, udongo umekauka. Zinyweshe nyumbani kwanza."

"Nizinyweshe kwa kikombe?"

"Kwa ndoo, dada!" Bwana shamba alicheka. "Subiri mvua iloweshe udongo. Jioni hiyo loweka mbegu. Asubuhi mwaga maji, zianike kivulini mpaka zisigande mkononi, kisha panda siku hiyohiyo. Usiku mmoja tu! Zikitoa mkia, umechelewa. Na mbegu zilizopakwa dawa usiziloweke."

Mvua iliponyesha, Mama Pacha aliloweka kopo moja. Mara pacha mmoja akashikwa na homa. Ikabidi ampeleke zahanati.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake akiwa mlangoni, "asubuhi mwaga maji, uzianike. Mwambie baba yao apande."

"Nenda, mwanangu. Mimi ndiye wa kufundishwa mtama? Kimea cha pombe ya kijiji kizima kimepita mikononi mwangu!"

Siku ya tatu alirudi, mtoto amepona. Mbegu alizikuta jikoni chini ya gunia bichi. Zilikuwa na mikia mirefu, zimeshikana kama uzi uliovurugika. Ukizitenganisha, zinakatika.

Mumewe, fundi baiskeli, alizitazama akifuta grisi mikononi.

"Mimi nilisubiri kuambiwa, sikuambiwa. Kumbe tumeanza kupika pombe! Huo ndio utaalamu? Kopo lililobaki lisagwe, tule."

Bwana shamba alipopita alichota mbegu chache kiganjani.

"Hizi zimekaa chini ya gunia siku ngapi? Nani alizifunika?"

Mama mkwe aliwatazama kuku. Mama Pacha alijua ni nani. Lakini atamwaibishaje mama wa mumewe mbele ya mgeni?

Alimgeukia mumewe. "Kopo hili nitalipanda."

"Na likioza?"

"Tukilisaga, tutakula siku tatu. Siku ya nne utanipikia nini, mnyororo wa baiskeli?"

Fundi alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. "Haya, panda. Lakini hatuna jingine."

Walingoja wiki nzima. Mvua ikaja, udongo ukalowa. Jioni Mama Pacha akaloweka kopo la mwisho. Ndoo akaiweka karibu na kitanda chake. Alfajiri akamwaga maji, akaanika mbegu kivulini. Zilipokauka maji, mume na mke wakaenda shambani. Mume alichimba vishimo vyenye kina cha pingili mbili za kidole. Mke alitia mbegu, akafukia, akakanyaga kidogo kwa unyayo ili udongo uzikumbatie.

Siku ya nne shamba lilikuwa na mistari ya kijani, mche baada ya mche, bila pengo. Mvua ilipokata tena, mizizi ilikuwa imeshakwenda chini. Miche ikavumilia.

Siku ya kuvuna, majirani walikuja kutazama magunia. Bwana shamba naye alikuwepo. Mama mmoja alinung'unika:

"Mimi pia niliziloweka. Zikaota mikia, nikazipanda hivyohivyo, zikafa. Kuloweka ni uongo."

Watu wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja alikuwa ameshaokota kofia yake aondoke. Mama Pacha alimtazama mama mkwe, kisha akaendelea kufunga gunia.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Akajikung'uta makapi, akasimama.

"Bwana shamba, uliniuliza nikatazama kuku," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Siku tatu. Nilizifunika mimi, si mkwe wangu. Nilizihurumia, nikazilea kama kimea mpaka zikatoa mikia. Kuloweka si uongo, ila ni usiku mmoja tu."