Mashine Iliyomwita Ngina

Ilianza na harufu ya ugoro. Zahanati ile ya Kyumbi ilipigwa deki kila asubuhi kwa dawa kali, lakini benchi la wagonjwa lilinuka ugoro wa ajuza, na Musili, aliyeinamia kompyuta ya mapokezi, aliijua harufu hiyo tangu akibebwa mgongoni. Mama yake, Ngina, alifia kwenye benchi hilo. Walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

Programu ya kuwaita wagonjwa aliiunda Musili mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na kipima muda. Kila kilipogonga, iliangalia nani anafuata ikamwita kwa spika. Siku hizi ilikuwa ikila memori mpaka kompyuta inaganda, naye alikuja kabla wagonjwa hawajafika ili atafute sababu. Hakuwa na mtu wa kumwachia binti yake, kwa hiyo alikuja naye. Mtoto alikaa benchini akichora. Naye aliitwa Ngina, kwa kuwa Wakamba humpa msichana wa kwanza jina la mamake baba.

Kosa alilipata upesi, likamkata maini. Kila kipima muda kilipogonga, programu iliunda mwito mpya bila kuutupa wa zamani, na miito ikarundikana kama vyombo visivyooshwa hadi mashine ikashindwa kusonga. Ndivyo ilivyoganda siku ile mama yake alipokuja kifua kikimbana.

"Nilimwambia aingie tu," muuguzi Wavinya alinong'ona. "Akakataa. Akasema hii ni mashine ya kijana yake, lazima itamwita."

Maskini Musili aliigeukia tena kompyuta. Alirekebisha kosa huku machozi yakidondoka: mwito ukiisha, utupwe. Akaiwasha upya. Memori ikazidi kupanda. Akachomoa spika, na hapo ndipo sauti ilipotoka, ya chini, ikiita Ngina, na tena Ngina, huku harufu ya ugoro ikiwajaa puani na benchi likilalamika kana kwamba kuna mtu mwenye magoti mabovu anayejaribu kuinuka, na Wavinya akamshika mkono akimsihi asiitike mtu yeyote, maana jina la marehemu likiitwa hivyo huachwa lipite, naye Musili akageuka ili amzibe mtoto masikio, lakini alikuwa amechelewa.

"Naam, susu," mtoto alisema, kama alivyozoea kumwitikia nyanya yake.

Aliweka kalamu chini, akainua mkono hadi mahali ambapo mkono wa mtu mzima ungekuwa, akatembea polepole mpaka kwenye mlango wa daktari. Akaufungua, akasimama kando kumpisha mtu. Memori ikashuka. Harufu ikakatika. Musili akaangua kilio ambacho hakukilia hata makaburini.

Mtoto akarudi kukaa.

"Susu amesema usilie, baba. Mashine yako iko sawa, ilikuwa inakawia tu." Akaokota kalamu yake. "Amesema ikiniita mimi, nisikawie."

Musili alichomoa waya wa umeme nyuma ya kompyuta, akambeba binti yake kifuani na kukimbilia nje. Waya ulikuwa bado mkononi mwake mashine ilipoita tena.