Sauti ya Mume Wangu Kwenye Kaunta ya Bima

"Hana maumivu yoyote huyo. Anataka tu tumbo la kujionyeshea."

Hiyo ilikuwa sauti ya mume wangu!

Sikuinyatia mlangoni wala sikuisikia nyuma ya pazia. Niliisikia kwenye kaunta ya bima, inatoka kwenye spika ya kompyuta, foleni yote nyuma yangu imenyoosha shingo.

Jamani!

Dada wa kaunta akasimamisha ile rekodi, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, umebisha sana, ndiyo maana nimekusikilizisha. Simu zetu zote zinarekodiwa. Wewe uko kwenye kadi ya mumeo, yeye ndiye mwanachama mkuu, kwa hiyo tulimuuliza yeye. Amesema operesheni yako ni ya urembo. Bima hailipii urembo."

"Urembo?"

Nikapandisha blauzi palepale. Nikalegeza mkanda. Ngiri ikatokeza kwenye mshono wa uzazi, kubwa kama ngumi ya mtu mzima.

"Haya, urembo wenyewe ndiyo huu?"

Mtu mmoja kwenye foleni akaguna. Dada wa kaunta akageuza uso pembeni.

"Funika, mama. Hapa ni ofisini."

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili twende pamoja.

Mimi ni dobi wa hoteli. Nafua mashuka. Shuka kavu hata mtoto analibeba, ila lundo la mashuka yaliyolowa ni kama kumnyanyua mlevi aliyezimika. Nilijifungua kwa operesheni, nikarudi kazini mshono haujakaa sawa. Siku moja nikiwa natoa mashuka kwenye mashine, nikasikia kitu kimeachia ndani ya tumbo... pwaa!

Tangu siku hiyo nikikohoa, inatoka. Nikilala chali, inarudi.

Nikajifunga mkanda, nikaendelea na kazi. Wenzangu wakawa wananiuliza ujauzito wa pili una miezi mingapi. Nacheka nao, kisha naenda kulia upande wa mashine za kukaushia, kule kelele ni nyingi hakuna anayekusikia.

Daktari aliponibonyeza, hakucheka kabisa.

"Mama, ukuta wa tumbo umeachana. Utumbo unapenya kwenye hilo tundu. Siku ukinasa, damu haifiki, utumbo utaoza huku wewe uko hai. Hii si ya kusubiri."

Akawaandikia bima kila kitu. Nikajua yameisha.

Kumbe!

Nilirudi nyumbani nimechemka. Nikamkuta mume wangu sebuleni anamvalisha mtoto soksi.

"Watu wa bima walikupigia?"

"Walipiga."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ukweli."

"Nimeisikia sauti yako kwa masikio yangu!"

Akaipandisha soksi mguuni mwa mtoto. Nilitegemea aombe msamaha. Nilitegemea hata anidanganye, angalau nijue ameona aibu.

"Sawa," akasema. "Sikutaka ufanyiwe."

"Kwa nini?"

"Kabla ya hilo tumbo, kila ukipita kuna mtu anakuchekea meno yote nje. Sasa umetulia. Umekuwa wangu. Likinyooka hilo tumbo, na mguu nao utanyooka uende zako."

Wasomaji wangu, mmemsikia? Mtu yuko radhi utumbo wangu uoze, mradi nisitazamwe!

"Nitakufa!"

"Hufi. Mbona umekaa nalo siku zote na hujafa?"

Akaendelea na soksi ya pili. Akamkunjia mtoto ukingo vizuri, akambusu kwenye goti.

Nilimchukia mtu yule mpaka meno yakaniuma.

Kesho yake nikarudi kaunta.

"Kata rufaa," dada akaniambia. "Ila mwanachama mkuu akipinga, barua ya daktari peke yake haitoshi; utuonyeshe kwamba mumeo alijua unaumwa. Bila hivyo ni neno lako na lake, na kadi ni yake."

Nitaonyeshaje? Maumivu hayana shahidi.

Nikarudi kazini, nikakaa juu ya kapu la mashuka machafu, nikaanza kupekua simu. Picha... ujumbe wa kugombana... ujumbe wa kuulizana funguo ziko wapi... mpaka nikaukuta ujumbe mmoja wa sauti wa zamani. Alinitumia nikiwa kazini, kabla wivu haujamla.

"Mke wangu, nakuomba usinyanyue yale mashuka. Jana nilikuona ulivyojikunja, sikupata usingizi. Waambie wenzako wakusaidie. Hilo tumbo likikupasukia, mimi nitabaki na nani?"

Niliurudia. Nikalia. Nikaurudia tena... nikacheka!

Nimempata!

Ulikuwa ujumbe pekee wa mapenzi uliobaki kwenye simu yangu. Kwingine kote ni kugombana na kuulizana funguo. Nami nikauchukua huohuo nikaupeleka kaunta ukamchinje.

Bima wakampigia. Jioni akanipokea mlangoni, uso umemshuka.

"Umewapelekea sauti yangu?"

"Yote."

"Kaifute. Waambie ulikosea. Mke wangu, utatuangusha wote!"

"Leo ndiyo umekumbuka kwamba mimi ni mkeo?"

"Wewe hujui wale watu wanavyofanya kazi!"

"Najua wewe unavyofanya kazi. Inatosha."

Akapiga magoti. Nasema kweli, mwanaume mzima, magoti mawili kwenye sakafu! Sitawaficha, nilifurahi. Nilimruka kama mtu anavyoruka ndoo iliyoachwa njiani, nikaenda kulala. Nililala fofofo.

Haukupita muda mrefu, simu ikaita.

"Mama, hongera! Rufaa yako imepita. Operesheni ni ya lazima kiafya."

Nilipiga vigelegele kule kwenye mashine mpaka msimamizi akadhani kuna aliyeungua.

Siku ya siku nikaripoti hospitali. Nikavuliwa kila kitu, nikavishwa lile gauni linaloacha mgongo wazi. Muuguzi akanichora alama tumboni kwa kalamu.

"Umeogopa, mama?"

"Niogope nini? Nimeisubiri siku hii kama harusi."

Tukacheka wote wawili. Akatoka. Aliporudi alikuwa hacheki.

"Mama... kadi yako inakataa."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu sana."

Nikachukua simu, nikampigia dada wa kaunta.

"Kuna nini? Si mlisema imepita?"

"Ilipita, mama. Lakini ili ipite, ilibidi ithibitike kwamba mumeo alitupa taarifa za uongo. Jambo hilo likaenda idara nyingine. Mwanachama mkuu akithibitika kudanganya, uanachama wake unafutwa. Wamefuta asubuhi hii."

"Si mmfute yeye tu! Mimi inanihusu nini?"

Nikasikia anabofya kompyuta.

"Dada?"

"Mama, wewe uko kwenye kadi yake. Akifutwa yeye, mnafutwa wote mlio chini yake."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Lakini mimi ndiye niliyesema ukweli!"

"Najua, mama. Ukweli wako ndio uliomfuta."

Akakata simu. Muuguzi alikuwa bado amesimama, anaangalia viatu vyake.

"Samahani, mama... tunaomba gauni. Kuna mgonjwa mwingine."

Nililivua. Nikavaa nguo zangu, nikatoka nikijishika ukuta.

Mume wangu alikuwa kwenye korido, kampakata mtoto.

"Wamekwambia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Jamani, sijui niliandike vipi hili. Yule mtu aliyepiga magoti, aliyefutwa pamoja na sisi... alitabasamu! Akanipisha kwenye benchi, akanishika mkono taratibu.

"Basi twende nyumbani, mke wangu."

Sikwenda. Nawaandikia haya nikiwa nje ya wodi ya wasio na bima. Foleni haina mwisho, nimejikunja, na leo nilipolala chali ngiri imekataa kurudi.

Dada zangu, kaka zangu, mtasema nimwache. Nimeshamwacha, hilo si tatizo tena. Chukueni hili moja: jueni uhai wenu umesimama kwa jina la nani, mjue mapema, kabla hamjakasirika. Haki unaweza kuwa nayo yote na bado ukaanguka. Unapotaka kumsukuma mtu shimoni, angalia kwanza kama hajakubeba mgongoni.

Mimi sikuangalia. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote, na mwanangu alikuwa mgongoni kwangu.