Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kasiki la chuma la ofisini lilikuwa wazi, na faili jekundu la siri halikuwemo.

Inspekta Lieve Bogaert wa polisi ya Brussels aliinama akakagua kitasa. Hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Mwizi alijua namba ya kulifungua," alisema. "Nani mwingine anaijua?"

"Mimi peke yangu," alijibu Gaspard Thiry, mkuu wa ofisi. Humo ndimo mlimopangwa ulinzi wa Ulaya: nchi gani inunue nini, ipi iache kwa kuwa jirani anacho. Wizara za fedha zilikata bajeti kwa kuufuata mpango huo.

"Ni namba gani?"

Thiry alisita. "Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wangu wa ubatizo."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Veselin."

Kanali Veselin Karaslavov, Mbulgaria, alikuwa msaidizi wa Thiry kwa miaka kumi na mmoja. Bogaert alimkuta kantini, kahawa imempoa mbele yake.

"Kanali, jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Kadi yako ya mlangoni inasema saa mbili kasoro robo."

"Basi iamini kadi. Humu ndani ndiyo pekee isiyodanganya."

"Faili liko wapi?"

Alifungua mkoba, akaliweka mezani. "Soma ukurasa wa arobaini na moja kwanza. Pingu baadaye."

Bogaert alisoma. *Meli za kutegua mabomu ya baharini: pengo limezibwa na nchi jirani.* Pembeni, kwa mkono, pamoja na sahihi ya Thiry: *Jirani amefuta ununuzi. Tusibadilishe.* Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

"Kwa mstari huo nchi yangu haikununua meli mpya," alisema Veselin. "Mwezi Machi mdogo wangu, Yordan, alipelekwa kutegua bomu kwa meli iliyomzidi umri. Walitoka tisa, wakarudi wanne. Yeye hakuwa miongoni mwao. Juzi ofisa wa nchi hiyo jirani akaniuliza, 'Kwani Thiry hakuwaambia kuwa tulifuta ununuzi?' Nikataka kuona kwa macho yangu."

Thiry alikuwa ameshafika, kasimama nyuma yao. "Veselin, ningebadilisha mstari mmoja, serikali zote zingedai kuanza upya. Mpango mzima ungesambaratika."

"Ulikuja kwetu Varna kumzika Yordan. Ulibeba jeneza upande wa kichwa, mimi upande wa pili. Mama akakuita mwanangu. Ulikuwa unajua, Gaspard."

Thiry alimgeukia Bogaert. "Inspekta, amekiri. Hilo faili ni la siri. Nirudishie."

Bogaert alikuwa ameshalitia kwenye mfuko wa ushahidi na alikuwa akiandika namba juu yake.

"Haiwezekani, bwana. Umeripoti wizi, nami nimeipata mali iliyoibwa. Hiki sasa ni kielelezo cha kesi." Akafunga kalamu. "Na kielelezo husomwa mahakamani, kwa sauti."