Kibuyu Kilichofichwa Paani

Kila asubuhi, kabla lango la kijiji halijafunguliwa, Kanana alifagia nyumba huku mama yake, Cicily, akipuliza moto. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Watu wa Kanja walikuwa wamechomewa nyumba zao na kusongamanishwa katika kijiji kilichozungukwa na handaki. Hakuna aliyejua kama jirani yake alikula kiapo cha msituni au alipeleka habari kwa serikali. Watu walisalimiana wakitazamana kwa pembeni.

Siku moja Kanana alimwona mama amepanda kigoda, mkono wake umezama kwenye nyasi za paa. Mama alipapasa kitu, akashuka upesi.

"Unatazama nini? Fagia!"

Mama alipokwenda mtoni, Kanana naye alipanda kigoda. Alishika kibuyu. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa nta na kufungwa kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi. Kanana alikirudisha upesi.

Shuleni alimnong'oneza rafiki yake Mukiri.

"Ngozi ya mbuzi? Wee!" Mukiri akasema. "Hicho ni cha kiapo. Wakikipata, mama yako atapelekwa kizuizini. Wewe utalelewa na nani? Fisi?"

Kanana hakumwuliza mama. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake, Njue, aliyekuwa homugadi, askari mwenyeji wa serikali, wa kulinda lango. Njue na Cicily hawakuwa wamesemezana tangu walipomzika mama yao, Wamuyu. Cicily alidai kaka yake anauza watu kwa serikali. Njue alidai dada yake alificha alichoacha mama yao.

Njue alifika na mkuki mkononi.

"Cicily, toa kilicho paani. Nikione mimi kabla mkubwa wangu hajasikia."

Mama alimgeukia Kanana. "Ni wewe uliyesema?"

Kanana aliinamisha kichwa. Mama alishusha kibuyu, akakisukuma kifuani mwa Njue. "Fungua wewe, mwenye haraka."

Njue alifungua ukanda, akabandua nta kwa kisu, akamimina kwenye ungo. Yalitoka majivu. Kisha zikatoka njahi, maharagwe meusi, kila moja na mstari wake mweupe.

Njue alichuchumaa. "Mbegu za mama."

"Siku ile nyumba ikiungua, aliacha sufuria, akaacha blanketi, akabeba hizi," Cicily akasema. "Aliniagiza tuzipande mimi na wewe mvua ikinyesha. Lakini niliogopa. Nilijua ukiona ngozi utakimbilia kwa mkubwa wako."

"Mama alinichapa kwa sababu ya mbegu hizi. Na nilikaanga kiganja kimoja tu!"

"Kiganja? Ulimaliza nusu ya kibuyu, Njue."

Njue alitaka kucheka, akashindwa. Aliuinua ukanda. "Na ngozi hii?"

"Huikumbuki? Ndiyo aliyotubebea mgongoni. Wewe kwanza, kisha mimi. Ilipochakaa, alikata ukanda huo akautunza."

Njue aliupapasa ukanda. Alirudisha mbegu kibuyuni pamoja na majivu ya kuzuia wadudu, akaufunga ule ukanda polepole, kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni.

"Nisamehe, mama," Kanana akasema akilia.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniambia?"

Mama alifikiri. "La. Ningekufukuza."

Mvua ilipoanza, watatu hao walipata ruhusa ya kwenda shambani. Njue aliulaza mkuki wake kwenye nyasi. Cicily alichimba mashimo, Njue akatia mbegu, Kanana akafukia.

"Sikia, Kanana," Njue akasema bila kuinua kichwa. "Ukishuku, muulize mwenyewe kwanza. Na sisi wakubwa tukiulizwa, tujibu. Tulinyamaziana, nusura mama yako afungwe kwa ajili ya njahi."

"Maneno mazuri," Cicily akasema. "Sasa fungua hicho kiganja cha kushoto, nione umeficha ngapi."

Njue akakifungua. Kulikuwa na tope tu, na wote wakacheka.